Lisbon kwa Miguu: Kutoka Vilimani Hadi kwenye Dhahabu ya Kilwa

Anza na viatu. Njia za waenda kwa miguu mjini Lisbon hazikutandikwa lami wala zege. Zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vinavyoenea kiganjani, kila kimoja kimechongwa na kugongwa kwa nyundo mahali pake. Wareno huviita calçada. Pale Rossio, uwanja mkubwa wa katikati ya mji, vimepangwa vikafanya mawimbi, hata anayepita juu yake huhisi kama sakafu inapanda na kushuka. Ni kazi nzuri ya mikono, lakini nyayo za watu zimevisugua mpaka vinang'aa, na kidogo tu mvua inyeshe, mteremko wowote unakuwa kama umepakwa sabuni. Siku yangu ya kwanza nilitoka na viatu vya ngozi vya kwendea kazini. Nikateleza kwenye mteremko wa Chiado, goti likavimba, na siku mbili nzima nikautazama mji kupitia dirishani. Basi vaa raba zenye soli ya mpira inayoshika, nazo ziwe ulizokwisha kuzivaa nyumbani mwezi mzima. Kiatu kipya kizoee mguu kwanza, ndipo kisafiri.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wanaopita Lisbon kwa siku mbili tatu: aliyekuja mkutanoni, mwanafunzi aliyechukua likizo fupi kutoka Ujerumani au Uholanzi, mama aliyeletwa na wanawe kutoka London kutembea. Wengi huja na orodha ndefu ya mahali pa kupiga picha, na kwa kuwa kila mtu ana orodha hiyo hiyo, siku huishia kwenye foleni. Wakazi wa jiji lenyewe ni zaidi kidogo ya laki tano, na mitaa ya zamani ni myembamba. Meli kubwa za watalii hutia nanga chini kabisa ya mtaa wa Alfama. Zikifika mbili kwa pamoja asubuhi, vichochoro hujaa kama mlango wa kivuko siku ya sikukuu.

Ushauri wangu ni huu: chagua kitu kimoja tu kinachokuhusu wewe, kisha panga matembezi ya siku nzima yakufikishe hapo ukiwa bado na macho ya kuona. Kwetu sisi tunaosema Kiswahili kitu hicho kipo Lisbon, na watalii wengi hawana habari nacho. Nitakupeleka hadi mlangoni, lakini tupitie vilimani kwanza.

Toka saa moja asubuhi. Hata kiangazi, saa hiyo jua ni jepesi na mji ni wa wenyewe: wafagiaji, wauza mikate, wazee wanaosimama kaunta kunywa kahawa ndogo kali inayoitwa bica. Kuanzia saa nne mambo hubadilika. Mchana wa Julai na Agosti joto hupanda na yale mawe meupe hurudisha mwanga usoni, kwa hiyo kofia na chupa ya maji si anasa. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa hotelini. Na usihofu kwamba siku itakuishia, kwa sababu mwezi Juni jua huzama saa tatu usiku kwa saa zetu. Mchana wa joto kaa ndani, ule, upumzike, kisha utoke tena jua likipungua ukali.

Kilima cha kwanza ni cha ngome ya São Jorge. Watu wengi hukipanda kwa tramu namba 28, ile ndogo ya manjano inayoonekana kwenye kadi zote za posta. Sikushauri. Pale Martim Moniz inapoanzia, foleni yaweza kukula saa nzima. Ndani watu hubanana kiasi cha kutoweza kuinua mkono, na hapo ndipo vibaka wa mifukoni wanapofanya kazi yao. Siku moja nilimwona bwana mmoja akishuka tramu amejishika mfuko wa nyuma, uso umembadilika. Pochi ilikuwa imekwenda, pasi ya kusafiria ndani yake. Acha pasi mahali salama ulikofikia, tembea na nakala, na begi livae mbele.

Badala ya kupanda tramu, zifuate reli zake kwa miguu. Huu ni ushauri ninaoupenda kuliko wote, maana reli za 28 zenyewe ni ramani iliyolazwa chini. Zinatoka Graça kilimani, zinapita Portas do Sol na kanisa kuu la Sé, zinashuka Baixa, zinapanda Chiado na kuendelea magharibi hadi Estrela. Ukipotea, tafuta reli, utajua uko wapi. Mahali pengine njia ni nyembamba mno, tramu karibu iguse ukuta. Ukisikia kengele, ingia kwenye mlango wa nyumba usubiri ipite.

Na kupanda kusikutishe. Ziko lifti za bure ambazo wageni wengi huzipita bila kuzijua. Katika mtaa wa Rua dos Fanqueiros, pale Baixa, kuna jengo lenye lifti ya manispaa inayokupandisha hadi Rua da Madalena. Ukivuka na kusogea kidogo unakuta lifti ya pili kwenye jengo lililokuwa soko la Chão do Loureiro, nayo inakutoa karibu na kuta za ngome. Vivyo hivyo kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu zinazounganisha mtaa wa chini na wa juu. Mama mwenye magoti mabovu anaweza kuiona Lisbon yote ya zamani akipanga njia yake hivyo, apande kwa mashine na ashuke kwa miguu. Lakini kushuka nako kunaumiza magoti, kwa hiyo mpe muda, na mshike mkono kwenye ngazi za mawe.

Ukifika kwenye baraza la Portas do Sol kabla ya saa tatu, utapata nafasi ya kuegemea ukuta. Chini yako ni mapaa mekundu ya Alfama, mbele kuba jeupe la Santa Engrácia, na baada ya hapo mto Tejo, mpana hata ukadhani ni bahari. Kaa hapo. Usipige picha kwa dakika kumi za mwanzo.

Kisha shuka ngazi uingie Alfama yenyewe. Jina hilo ni la Kiarabu, linatokana na al-hamma, chemchemi za maji moto. Waislamu waliutawala mji huu kwa zaidi ya karne nne, hadi mfalme Afonso Henriques alipouteka mwaka 1147. Waliobaki wakatengewa mtaa upande wa pili wa kilima, mtaa unaoitwa Mouraria hadi leo. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu hahitaji kufundishwa kutembea Alfama. Vichochoro vinajikunja makusudi kuzuia jua na upepo, milango imetazamana, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, na bibi amekaa dirishani anaona kila anayepita. Tofauti ni kwamba pale wageni wengi humpita bibi yule kama sehemu ya ukuta, au wakamwelekezea kamera usoni. Wewe msalimie. "Bom dia" inatosha, nawe utaona uso unavyofunguka.

Utaona pia visanduku vidogo vya funguo vimefungwa kando ya milango. Hivyo ni vya nyumba za kupangisha watalii, na kila kisanduku kina maana kwamba aliyekuwa akiishi hapo hayupo tena. Waliobaki wamechoka, nami nawaelewa. Ikiwa umepanga Alfama na ndege yako inaondoka alfajiri, begi la magurudumu libebe mkononi mpaka barabara kubwa. Magurudumu juu ya yale mawe huamsha mtaa mzima.

Baixa, mtaa wa tambarare chini ya vilima, hauhitaji muda mwingi. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, liliuangusha mji. Mawimbi ya bahari yakafuata, kisha moto. Waziri wa mfalme, aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, akaujenga upya kwa mitaa iliyonyooka kama iliyopigwa kamba. Tembea Rua Augusta mpaka kwenye tao, tokea uwanjani, ufike kwenye ngazi za Cais das Colunas zinazoingia mtoni. Njiani vijana watakunong'oneza wakikuuzia dawa za kulevya, ambazo mara nyingi hata si dawa, ni majani tu. Usibishane wala usisimame. Tikisa kichwa uendelee.

Mahali pa kusimama kwa muda ni nyuma ya Rossio, kwenye kiwanja kidogo cha São Domingos. Mchana utawakuta Waafrika wamekusanyika, wengi kutoka Guinea-Bissau, wanaume wamesimama makundi makundi wakizungumza, kina mama wameketi na bidhaa zao miguuni. Si jambo la jana. Kanisa lililopo hapo lilikuwa na chama cha kidini cha watu weusi, watumwa na walioachwa huru, na tangu zama hizo Mwafrika aliyetaka kumtafuta mwenzake Lisbon alikuja hapa. Ingia kanisani, ni bure. Moto wa mwaka 1959 ulipasua nguzo na kubabua kuta, na walipolikarabati waliyaacha makovu wazi, mawe yamemomonyoka chini ya dari jekundu. Nje kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa kwa maelfu Aprili 1506, mauaji yaliyoanzia humu kanisani. Nimeona watu wakila aiskrimu wameuegemea bila kujua ni nini. Wewe umekwisha kujua.

Kutoka hapo panda hadi Largo do Carmo. Usipange foleni ya lifti maarufu ya chuma ya Santa Justa, maana inafikisha watu huko huko unakofika kwa miguu katika dakika kumi. Carmo ni kiwanja chenye mijakaranda, na mtu wa Nairobi au Arusha atajihisi kwao ikichanua Mei na Juni. Kando yake ni magofu ya kanisa lililobomolewa na tetemeko, matao yamesimama bila paa.

Lakini mimi huwa natazama kambi ya askari iliyo jirani. Tarehe 25 Aprili 1974, maafisa wa jeshi walipoasi, waziri mkuu Marcelo Caetano alijificha humo, na kapteni kijana wa miaka 29, Salgueiro Maia, akaizingira na wanajeshi wake mpaka Caetano akajisalimisha. Wananchi walikuwa wakiwachomeka askari maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Ua hilo Wareno huliita cravo, na karafuu ya Unguja na Pemba nayo wanaiita cravo. Maafisa wale waliasi kwa sababu walichoka kupeleka vijana kufa katika vita vya Angola, Guinea na Msumbiji. Na vita vya Msumbiji viliongozwa na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam Juni 1962, wapiganaji wake wakifunzwa Nachingwea na kupita Ruvuma na Mtwara. Kuna wazee Kusini mwa Tanzania wanaokumbuka mabomu yaliyovuka mpaka. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, mwaka mmoja na miezi miwili baada ya siku ile ya Carmo. Ukikaa chini ya mjakaranda pale, ujue habari hiyo ina upande wake wa nyumbani.

Sasa kula, maana mchana umefika. Ingia mkahawa mdogo wa mtaa wa pembeni, uulize prato do dia, chakula cha siku. Bei yake ni nafuu kuliko kuchagua sahani moja moja. Ukishakaa, utaletewa mkate, zeituni na jibini hukuviagiza. Si zawadi, ukila unalipia. Usipotaka sema tu "não, obrigado", na mwanamke aseme "obrigada", navyo vitaondolewa bila mtu kununa. Muislamu awe mwangalifu na supu ya caldo verde. Inaonekana ya mboga tupu, lakini kwa kawaida huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Samaki wa kuchoma yupo kila mahali, na Martim Moniz, hasa mtaa wa Rua do Benformoso, kuna migahawa ya Wabangladeshi inayouza nyama halali. Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha, metro inafika.

Hapo mezani tega sikio. Mhudumu atakuonyesha mesa. Atakuuliza kuhusu vinho. Ukienda kulipa atakuelekeza caixa, wanavyoitamka ni kama "kaisha". Ukutani kuna bandeira. Meza, mvinyo, kasha, bendera: haya ni maneno yaliyobaki kwetu Wareno walipoondoka pwani yetu, pamoja na leso iliyotoka kwenye lenço na foronya iliyotoka kwenye fronha. Kanisa lao ni igreja, neno lililotuzalia gereza, kwa kuwa makanisa yao pwani yalikuwa ndani ya ngome, na ngome baadaye zikafungia watu. Mtoto ukimpeleka Lisbon, mpe kazi ya kuwinda maneno haya kwenye mabango. Atatembea kilomita tano bila kulalamika.

Alasiri elekea magharibi. Zifuate tena reli za 28, ushuke Calçada do Combro, na chini ya mteremko chukua Rua do Poço dos Negros. Jina maana yake ni Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel I aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa wa Kiafrika, waliokuwa wakiachwa bila kuzikwa. Leo ni mtaa wa mikahawa, watu wanakunywa kahawa kwenye vibaraza. Sikuambii uache kunywa nao. Nakuomba upunguze mwendo. Ukisonga mbele unaingia Madragoa, mtaa uliowahi kuitwa Mocambo, ambako Waafrika huru na watumwa waliishi kwa wingi karne ya 16 na 17. Vichochoro vyake ni kama vya Alfama, ila hapa huna wa kupishana naye. Saa tisa alasiri Alfama imefurika, na Madragoa unasikia redio ya mtu jikoni.

Mwisho wa njia ni Rua das Janelas Verdes, yenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Kabla hujatoka asubuhi hakikisha yako wazi. Makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu, na mara nyingine vyumba hufungwa kwa ukarabati. Nenda huku kabla ya Belém. Belém ni mbali, kilomita sita hivi kutoka Baixa, na inataka asubuhi yake peke yake. Huko utaliona kaburi la Vasco da Gama ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, la mawe meupe, limechongwa karne ya 19, naye amelazwa juu yake ameunganisha viganja akisali. Ukitangulia kuona kaburi, utaona shujaa wa Wareno. Ukitangulia kuona kilichomo Janelas Verdes, utaliangalia kaburi kwa macho mengine.

Ulizia Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani cha kuwekea mkate mtakatifu, dhahabu tupu iliyorembwa kwa rangi za enameli, kimo chake karibu sentimita 73, nacho kiko ndani ya kabati la kioo. Kilikamilika mwaka 1506, kazi ya sonara Gil Vicente. Sogea. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa mkate, kila mmoja na uso wake, rangi ya majoho bado imewashika. Juu yao vimesimama vinara vyembamba kama sindano. Kwenye shina kuna nembo ya mfalme, tufe la kupimia nyota ambalo mabaharia wake walilijua vizuri. Chini, kwenye kitako, wamo ndege, maua na konokono, vyote vya dhahabu, vidogo kuliko ukucha.

Sasa inama. Ukingo wa kitako umezungukwa na maandishi ya enameli nyeupe kwa Kireno cha kale. Yanasema kwamba Dom Manuel aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Ni Kilwa yetu, Kilwa Kisiwani. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika bandarini na kundi la meli za kivita, akamtishia Amir Ibrahim kwamba atauteketeza mji asipokubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi. Ikalipwa. Dhahabu iliyokuwa imetoka bara ya Zimbabwe, ikashuka Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa, ikaletwa Lisbon mwaka 1503. Kulipa hakukuuokoa mji. Julai 1505 Wareno walirudi, safari hii wakiongozwa na Francisco de Almeida, wakaupora, na mwezi uliofuata wakauchoma mji wa Mombasa. Sonara alikuwa bado kazini wakati huo.

Zunguka kabati taratibu mpaka ulisome jina. Kuna siku chumba huwa kitupu kabisa, mlinzi peke yake kwenye kiti, na mtu anaweza kusimama hapo nusu saa bila kusukumwa na yeyote. Ukimaliza, nyuma ya jengo kuna bustani yenye viti, na mbele ya viti ni mto. Meli zinapita chini yako kuelekea mlango wa bahari, upande ule ule walikotokea Wareno wale kwenda Kilwa.